Leso Kuukuu za Kwenda Nazo Kerala

Usiku wa kuamkia safari, mama alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akalitazama sanduku lililokuwa wazi, akauliza, "Kwani waenda harusini?"

Nilikuwa nimepanga suruali tatu nyeupe na blauzi zake, nyeupe pepepe, nilizozinunua baada ya kutazama picha za watu waliokwenda kutibiwa kwa Ayurveda, tiba ya asili ya huko India. Katika picha zile kila mtu amevaa nyeupe, amekunja miguu, amefumba macho. Nami nikajiona vivyo hivyo, mimi mwenye magoti ambayo hata tahiyatu nayakalia kwa dua.

"Huko si waenda kusingwa mafuta?" mama akaendelea. "Sasa nyeupe hizi wazipeleka wapi?"

Akanyanyuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na pea nne za leso kutoka chini ya kasha. Leso za kale, zilizofuliwa mpaka zikalainika kama kitambaa cha mtoto. Mama amewakanda wazazi wa mtaa wetu wa Mji wa Kale kwa miaka mingi, na leso zile ndizo alizokuwa akijifunga kila alipoingia chumba cha mzazi wa siku arobaini. Akazitupa juu ya suruali zangu nyeupe. Sikumbishia, lakini nyeupe nazo sikuzitoa.

Nilikuwa nikienda na wifi yangu. Mimi nimesimama mbele ya ubao wa shule ya msingi miaka ishirini na sita na magoti yameniandikia barua ya kuacha kazi. Wifi hana ugonjwa unaojulikana, ila alisema hawezi kuniacha niende peke yangu, na kwamba amechoka. Tukachukua siku kumi na nne, katikati ya mwezi wa saba, katika kituo kidogo cha tiba karibu na mto Bharathapuzha, mkoa wa Thrissur, jimbo la Kerala.

Karatasi zilitusumbua kuliko nguo. Tangu 2023 India ina viza mahususi kwa wageni wanaokwenda kutibiwa kwa tiba zao za asili, na sisi tuliiomba hiyo kwenye mtandao, ikatoka bila matata. Kazi ilikuwa ile kadi ya manjano. Atokaye Kenya kuingia India hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo lazima iwe imetimiza siku kumi kabla hujafika. Bila hivyo unaweza kutengwa hadi siku sita. Changu nilikuwa nacho. Wifi alijua anacho, ila hakujua kiko wapi. Tulipindua nyumba nzima siku tatu, mwishowe kikapatikana ndani ya msahafu alikokitia mwenyewe ili kisipotee.

Na daktari wangu wa Mombasa, ambaye nilidhani atanicheka, hakucheka. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, tembe zangu za presha nisiziache hata siku moja, nizibebe ndani ya maboksi yake pamoja na cheti alichoniandikia, na nichukue za wiki moja zaidi. La pili, nitakapopewa dawa za kumeza niulize zimetengenezwa kwa nini, kwa sababu tiba ile ina tawi liitwalo rasa shastra ambalo hutumia madini, yakiwemo zebaki na risasi, kwa makusudi kabisa. "Kama ni mizizi na majani, sawa," alisema. "Kama ni madini, shukuru na ukatae." Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari, nikalitia daftari kwenye mkoba wa mkononi, na nadhani ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyobeba.

Safari yenyewe: Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Mumbai kama saa sita angani, kisha ndege ya ndani mpaka Kochi. Mumbai ndiko tulikoaibika. Ndege za ndani za India nyingi huruhusu sanduku la kilo 15, nasi tiketi ile tuliikata mbali, hatukusoma. Sanduku la wifi lilikuwa na kilo 22. Tukafungua pale pale kwenye foleni, watu wakitazama, tukaanza kuhamisha vitu, na hapo ndipo nilipojua wifi amebeba nini: viatu vya visigino, dera sita mpya, kikausha nywele, mkebe wa achari ya embe, na nusu kilo ya kahawa aliyoisaga yeye mwenyewe na tangawizi.

"Wifi, kahawa wamekataza," nikamwambia. Ilikuwa kwenye barua waliyotutumia: hakuna kahawa, hakuna nyama wala samaki, hakuna maji baridi, hakuna kulala mchana.

"Wamekataza kunywa," akajibu. "Hawakukataza kuwa nayo."

Tukalipa kilo zilizozidi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Kochi ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari, na muda wote mvua haikukata. Upepo wa kusi utupulizao sisi mwezi wa saba ndio huo huo uvukao bahari ukaenda kuwamwagia maji watu wa Kerala. Ndio uliompeleka Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka Kozhikode mwaka 1498, na rubani aliyempata Malindi akimwonyesha njia. Wenyeji huuita mwezi uanzao katikati ya Julai Karkidakam, na husema ndio mwezi wa kujitibu, kwani mwili uliolowa hupokea dawa. Kweli au si kweli, sijui mwili, lakini mvua ile ilinifundisha habari ya nguo: haikauki kitu. Suruali nyeupe ya kwanza niliifua siku ya pili, nikaianika barazani, na siku ya tano ilikuwa bado yanuka mbichi. Leso ilikauka kwa usiku mmoja chini ya pangaboi.

Daktari wa kituo alikuwa mama wa makamo, aliyejifunga sari ya pamba. Alinishika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, akanitazama ulimi, akaniuliza nalala vipi, choo napata vipi, na napenda joto au baridi. Kisha akanieleza kwamba wao huhesabu nguvu tatu mwilini, vata, pitta na kapha, na kwamba magoti yangu yana vata iliyozidi. Vata ni upepo, akasema, na tabia yake ni baridi na ukavu. Nikacheka. Akauliza nacheka nini. Nikamwambia kwetu ugonjwa huu tangu zamani huitwa baridi yabisi, na yabisi ni kukauka. Aliandika neno lile pembeni ya faili langu, akalisoma mara mbili.

Nikafungua daftari nikamuuliza habari ya madini. Hakuchukia hata kidogo. Alinihakikishia kwamba kwangu ni mizizi na mafuta tu, akanionyesha majina kwenye chupa moja moja, na tembe za presha akasema ziendelee.

Basi kesho yake saa moja asubuhi nikaingia chumba cha mafuta. Katikati kuna kitanda cha gogo moja lililochongwa, kina mfereji pembeni wa kukusanya mafuta yasimwagike. Wao hukiita droni, na nilipolisikia jina nilitazama juu nikidhani kuna kitu kinaruka. Wakandaji ni wanawake wawili, mmoja kila upande, na mikono yao huteremka pamoja kutoka bega hadi unyayo kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Mwanamke hukandwa na wanawake. Hilo nilikuwa nimeliuliza kabla sijalipa senti. Unachovaa ni kitambaa chembamba chenye kamba, wanakupa wao, kisha kinatupwa. Mafuta ni ya ufuta, uto wetu ule ule, yamepikwa na mizizi na kupashwa moto, na huyamwaga bila huruma. Siku nyingine huja na vifurushi vya majani vilivyokaangwa kwenye mafuta, wakakugonga navyo magotini, tap tap, mpaka joto likaingia kwenye mfupa.

Wakimaliza hukusugua kwa unga wa pojo ili mafuta yatoke. Hayatoki yote. Hapo ndipo ninapotaka kumwambia kila mtu anayepanga sanduku lake sasa hivi: mafuta yale yana rangi, mengine ya manjano kwa bizari, mengine hudhurungi, na yanaingia katika shuka, mto, taulo, ndara, kamba ya simu, kila kitu. Taulo beba la rangi ya giza. Ndara ziwe za mpira. Kitambaa cha kichwa kiwe cha kutupa, maana nywele hulowa siku zote na wao hupaka unga wa dawa utosini baada ya kuoga, ili usipate mafua. Nguo ya ndani, ya pamba na iliyozeeka. Suruali nyeupe ya pili niliivaa mara moja, ikapata ramani mgongoni ambayo haikutoka tena.

Kuanzia siku ya tatu nikawa mtu wa leso tu. Moja kiunoni, moja mabegani, nikitoka chumba cha mafuta nikaenda kula, nikakaa barazani kuitazama mvua. Hakuna aliyenishangaa. Wanaume wa pale hujifunga mundu, ni kikoi cheupe kwa macho yangu, na jikoni nilimwona mpishi ameketi akikuna nazi juu ya mbuzi, mbuzi hasa, kiti na ulimi wa chuma. Asubuhi alituletea appam, nami nikamwambia wifi hivi ni vibibi, wakivikana nitaapa.

Wifi hakuwa akisikiliza vibibi. Yeye alipangiwa kunywa samli ya dawa kila alfajiri, kijiko kikubwa siku ya kwanza, ikipanda mpaka karibu nusu kikombe, kisha asile mpaka njaa imshike kweli. Siku ya nne alishindwa. Nilirudi chumbani nikakuta harufu ya kahawa na tangawizi imejaa, na birika dogo limechomekwa ukutani kwa adapta yangu niliyoibeba kwa sababu plagi zao ni za pini za duara na zetu za pande nne. Hata dakika kumi hazikupita, daktari akabisha hodi. Alikuwa akipita tu, alisema. Akaitazama birika, akamtazama wifi, kisha macho yake yakatua kwenye leso niliyoivaa.

"Imeandikwa nini hapo?"

Ilikuwa ile ya mama ya rangi ya zambarau, maandishi yamefifia: *Japo sipati tamaa sikati*.

"Ni habari ya kahawa," wifi akamjibu kwa Kiingereza chake kizuri.

Daktari alicheka mpaka akashika mlango. Kahawa aliondoka nayo.

Jambo moja lilinitia wasiwasi kabla ya safari ambalo sikuliona limeandikwa popote: udhu. Mtu amelowa mafuta toka utosini, atatawadha vipi? Niliuliza msikitini kwetu mapema, nikaambiwa mafuta yanayonyonywa na ngozi si kizuizi kama rangi ya kucha, maji yapite tu. Lakini mswala wangu mzuri niliuacha kwenye sanduku, nikaswali juu ya leso, nisije nikautia doa la sijda lisilotoka. Mombasa kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja. Kule ilibidi nigeuke magharibi, na siku mbili za kwanza mwili ulikataa, nikawa naanza kaskazini kisha najirekebisha.

Magoti? Nililala usiku kucha bila kuamshwa nayo kuanzia siku ya tisa, na ngazi za kituo nilizipanda bila kushika ukuta. Nilikuwa pia sijasimama mbele ya ubao wiki mbili, nala uji wa mchele na mboga, nalala saa tatu. Sitadai nimepona, na daktari wa kule hakudai. Alinipa chupa tatu za mafuta ya Dhanwantharam nijipake nyumbani, akaniambia nirudi mwaka mwingine.

Chupa zile tulizifunga kwa mkanda wa gundi mdomoni, tukazitia mfuko ndani ya mfuko, tukazizungushia dera za wifi ambazo hazikuwahi kuvaliwa. Suruali mbili zilizoharibika niliziacha, mkandaji mmoja akasema atazifanya matambara. Viatu vya visigino vilirudi kama vilivyokwenda. Kochi tulipima kilo 14 na 15, tukapita tukitazama mbele.

Moja ya chupa ilivuja hata hivyo. Nilipofika nyumbani nikafungua sanduku, na mama, ambaye macho yake siku hizi si mazuri sana, alikuwa barazani akichambua mchele. Harufu ikamfikia kabla yangu: uto uliopikwa, pojo, na leso zilizolowa vyote viwili siku kumi na nne. Akaacha ungo, akageuza uso kuelekea chumbani.

"Nani kazaa?" akauliza.