Nilivyootesha mkondekonde kwa mbegu, Kibosho

Mbegu ya mkondekonde, mti wa msituni wenye gome la dawa (Prunus africana), haikai. Ukiihifadhi koponi ukisubiri masika, inakauka na haioti tena. Ndiyo maana wengi huku Kibosho, Kilimanjaro, wanasema mti huu hauoteshwi, hujiotea wenyewe msituni. Unaoteshwa, ila kwa haraka.

Matunda niliyaokota chini ya mti mkubwa ukingoni mwa korongo, yakiwa yameiva rangi ya zambarau. Ni madogo kama buni mbivu, na lazima uwahi, maana mbega na ndege hawakuachii. Siku hiyohiyo niliyaloweka, nikasugua nyama yote kwa mchanga, nikaanika mbegu kivulini, kisha nikazipanda kwenye kitalu cha udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza. Juu nikatandaza majani makavu ya mgomba. Hapo panataka uvumilivu: unamwagilia wiki baada ya wiki, na huoni kitu. Zilipoanza kuchipua hazikutoka pamoja. Miche ilipopata nguvu niliihamishia kwenye viriba, chini ya migomba, na masika yalipoanza nikaipeleka shambani.

Mmoja nimeupanda mbele ya nyumba, pale nilipokuwa nashauriwa niweke mjakaranda. Majani yake yanang'aa mwaka mzima. Ukifikicha jani unasikia harufu ya lozi chungu, na harufu hiyo ni dalili ya sumu, kwa hiyo watoto nimewakataza kutafuna.

Dawa iko kwenye gome. Wazungu wanalitengenezea vidonge vya tezi dume iliyovimba, na kwa sababu ya kuchunwa ovyo, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 1995 na CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukichuna gome kuzunguka shina lote, mti unakufa. Huchunwa upande mmoja na wa pili unaoukabili, tena kwa mti uliokwisha kunenepa. Wangu bado sana.

Hata hivyo jirani alishakuja na panga. "Shemeji, naomba gome kidogo, mzee anahangaika na mkojo."

"Shemeji, mpeleke kwanza hospitali ya KCMC, Moshi, wampime. Tezi iliyovimba na saratani dalili zake zinafanana, na gome halitibu saratani."

Alinuna kidogo. Nikampa miche miwili, akaipanda kando ya mfereji.