Tarti ya karanga ya Bonane, kwenye mbabula

Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, Bonane, yaani sikukuu ya Mwaka Mpya, haikosi nyama wala soda, lakini kitamutamu cha baada ya chakula mara nyingi ni keki ya kununua. Safari hii nilitaka kupika mwenyewe tarti ya Engadin, bonde la milimani huko Uswisi: ganda la unga chini na juu, katikati karameli ya krimu iliyojaa jozi, zile kokwa za Ulaya zenye ganda gumu. Kilichonipa moyo ni kwamba Engadin yenyewe iko juu mno, kuna baridi, jozi hazioti. Huletwa kutoka kwingine. Basi kama wenyewe wanapika kwa kokwa za kuletwa, nani atanikataza karanga?

Nilienda soko la Virunga. Muuzaji akaanza kunipimia zilizovunjika.

"Ni za kutia mu sombe, dada?" Alidhani napika majani ya muhogo.

"Hapana, mama, ni za keki. Nipe zile nzima."

Akacheka, lakini akanichagulia nzuri, gramu 300. Jozi ina mafuta kiasi cha gramu 65 katika kila gramu 100, karanga kama 49 tu, kwa hiyo niliongeza kijiko cha siagi kwenye karameli ili isiwe kavu. Karanga nilizikaanga polepole, nikazipukuta maganda, nikazikata vipande viwili vitatu. Usizitwange: zikitwangwa utapata siagi ya karanga.

Unga hauna maneno mengi. Ngano gramu 300, siagi 150, sukari 100, yai moja, chumvi kidogo. Kanda haraka, funika, uache mahali pa baridi.

Kazi yenyewe ni karameli. Krimu niliipata kwa maziwa ya Masisi: niliyachemsha jioni, asubuhi nikaengua ile iliyoelea juu, nikaichanganya na maziwa kidogo ikafika mililita 200, nikaipasha moto. Sukari gramu 250 niliiyeyusha peke yake kwenye sufuria nzito, bila maji, bila kukoroga, naitikisa tu. Ilipofika rangi ya chai isiyo na maziwa nikaanza kumimina krimu kidogokidogo. Hapo simama mbali, na mtoto asikaribie, maana inafoka na mvuke wake unaunguza vibaya.

Vitabu vya Ulaya vinasema uichemshe hadi digrii 118. Lakini Goma iko mita kama 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye digrii 95 hivi, na karameli nayo inakuwa tayari mapema: kwetu ni kama 113. Ukingojea 118 utawapa wageni kitu cha kuvunja meno. Mimi hata kipimo sikutumia. Nilidondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Lilipojikusanya likabaki laini vidoleni, nikaepua, nikatia siagi, kijiko cha asali na karanga zote.

Umeme siutegemei siku kama hiyo, kwa hiyo tanuri yangu ilikuwa sufuria kubwa juu ya mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa. Ndani nilitandaza vijiwe vyeusi vya volkano, ambavyo Goma havinunuliwi, ila nilivikausha kwanza juani na motoni, maana vina matundu, na jiwe lenye maji linaweza kupasuka. Kikaango cha tarti, unga chini, karameli katikati, unga juu, kikakaa juu yake, kifuniko bapa, na makala mengi kuliko ya chini yakapangwa juu ya kifuniko. Hapo ndipo wengi hukosana na moto: sukari iliyo katikati hushuka, na chini kukiwa na moto mkali ganda linaungua wakati la juu bado jeupe. Ukiona harufu ya kuungua, toa makala ya chini; ya juu usiyaguse. Baada ya dakika kama 45 ganda la juu lilikuwa limeiva rangi ya kahawia.

Usiikate ikiwa moto, itamwagika. Niliifunika kwa kitambaa hadi kesho yake, na miguu ya meza nikaiweka ndani ya vikopo vya maji kwa ajili ya sisimizi. Hukaa wiki nzima, ndiyo maana naipika kabla ya purukushani za sikukuu. Kata vipande vyembamba, vya vidole viwili, na kahawa ya Kivu itoke bila sukari. Shemeji yangu alidai kipande kipana kama cha keki ya kawaida, akakishindwa katikati.