Nilikwenda Groton Kutafuta Jina la Mzee

Nauli ya treni kutoka Boston hadi New London, jimbo la Connecticut, unakoshukia kwenda mji wa Groton, ilikula karibu nusu ya mshahara wa shifti yangu moja ya usiku, na hiyo ni kwenda tu. Tena sisi tunaokaa Lowell tunashushwa stesheni ya kaskazini ya Boston, ilhali treni za kwenda huko zinaanzia ile ya kusini. Mji tajiri kama ule, wenye vyuo vikuu vinavyojulikana dunia nzima, haujaunganisha stesheni zake mbili kwa reli moja. Unaingia treni ya chini ya ardhi na begi lako, unakanyagwa, unatokea upande wa pili umeshachoka kabla safari haijaanza.

Nilikuwa nakwenda kumtafuta marehemu. Nitamwita Mzee tu, kwa sababu jamaa zake wapo. Nilimtunza katika nyumba ya wazee miaka yake ya mwisho, mimi na Wakenya wenzangu wengine, maana kazi hiyo kule Massachusetts imejaa sisi. Alikuwa mpishi wa nyambizi katika jeshi la majini la Marekani miaka ya 1960. Kwa hiyo kila sahani niliyomletea ilikaguliwa. Supu haina chumvi. Mayai haya ni ya unga, usinidanganye, nimeyapika miaka mingi. Alinieleza kwamba nyambizi ikishazama, maziwa na mayai ya kweli ndiyo yanayoisha kwanza, kisha mboga, na baada ya hapo kinachowazuia watu wasigombane ni mkate tu. Mpishi huoka usiku ili wanaoamka waamkie harufu yake. Alinieleza pia habari ya vitanda: watu watatu, vitanda viwili. Mmoja akienda zamu, mwenzake analala palepale kabla godoro halijapoa.

Kila tarehe 10 Aprili hakugusa chakula cha mchana. Mwanzoni niliandika kwenye faili lake kwamba tumbo linamsumbua. Mwaka uliofuata akanieleza. Siku hiyo mwaka 1963 nyambizi iitwayo Thresher ilikuwa ikijaribiwa kwenye kina kirefu, mashariki ya rasi ya Cape Cod, na haikupanda tena. Walikuwamo watu 129, na 17 kati yao walikuwa raia, wengi wao mafundi waliokwenda kuangalia kazi ya mikono yao. Mzee alikuwa amekula mezani na baadhi ya wanamaji wale. Kuanzia hapo, Aprili ikifika, nilikuwa naiacha sahani yake jikoni.

Alifariki Februari. Nilijua mazishi yatakavyokuwa, maana nimeshahudhuria mengi ya huku: dakika ishirini, kahawa, keki, kila mtu kwa gari lake. Mara wakaingia wazee nisiowajua, wamevaa vizibao vyeusi vilivyojaa viraka vya majina ya nyambizi. Wengine walitembelea mikongojo, mmoja alikokota mtungi wa oksijeni wenye magurudumu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutumikia naye. Walikuwa wamesikia tu kwamba mwenzao wa nyambizi ameondoka. Wakasoma jina lake, wakasoma nyambizi alizozitumikia, wakagonga kengele ya shaba, na mmoja akamwambia palepale kwenye jeneza kwamba apumzike, zamu sasa ni yao. Husema aliyekufa ameanza doria ya milele. Nilimuuliza yule wa oksijeni kumbukumbu zao ziko wapi. Akasema, nenda Groton.

Basi nikaenda, mwezi wa Mei.

Safari ya treni sina la kusema, nililala. New London niliagiza teksi kwa simu, nikamwonyesha dereva anwani ya mnara wa kumbukumbu, barabara ya Thames. Akaitikia. Tukavuka daraja, tukapita, tukaenda, mara tuko mbele ya lango la kambi yenyewe ya nyambizi, na askari wenye bunduki wanatukaribia pande mbili. Dereva anawaambia abiria ndiye aliyesema nyambizi. Mimi na ngozi yangu na begi langu mgongoni nikaona heri niweke mikono juu ya magoti ionekane. Askari aliyekuja dirishani kwangu alikuwa kijana mwenye adabu kuliko dereva wangu. Akatazama kitambulisho, akauliza natafuta nini, nikamwambia natafuta jina la marehemu. Akanyamaza kidogo, kisha akaonyesha mkono: makumbusho iko hapo hapo nje ya lango, mama, na mnara uko mjini, mtu akueleze njia. Dereva akanishusha makumbusho na kunitoza ule mzunguko wote. Nikabisha. Akasema nibishane na simu. Dola sita za ziada, na mpaka leo zinaniuma.

Makumbusho ni bure, nashukuru, ndicho kitu pekee cha bure nilichokutana nacho siku hiyo. Nautilus imefungwa pale mtoni, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, iliyopita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 3 Agosti 1958. Watalii walikuwa wakijigonga vichwa milangoni na kucheka. Mimi nilikwenda moja kwa moja kutafuta jiko. Jiko lote halizidi kibanda cha mama wa chapati, na kutoka humo walilishwa watu zaidi ya mia moja, milo yote, usiku na mchana. Nikaelewa kwa nini Mzee alikuwa na haki ya kunisumbua.

Nikaagiza teksi nyingine.

Mnara ule uko kando ya barabara ya kawaida yenye nyumba za watu. Usipoangalia unaupita. Kuna kipande cha juu cha nyambizi kimesimamishwa peke yake juu ya zege, na kuna ukuta mweusi wa mawe wenye majina. Hapakuwa na mtu ila mzee mmoja mwenye kizibao kama vile vya mazishini, anabadilisha bendera ndogo zilizochakaa, ndoo ya maji miguuni. Nikamsalimia. Hakuniuliza natoka wapi, swali ambalo huku huulizwa kabla hujamaliza kusalimu. Aliniuliza, "Boti gani?"

Nikamtajia nyambizi za Mzee, maana nilizikariri mazishini. Akatikisa kichwa kwa furaha kama kwamba nimemtajia kijiji chao. Akataka kujua alikuwa na kazi gani. Nikasema mpishi. "Basi huyo alikuwa mtu muhimu kuliko nahodha," akasema, na akaacha bendera zake kabisa.

Nikamwambia nimekuja kuliona jina lake. Akanitazama kwa huruma. Jina halimo, akasema, na halitakuwamo. Ukuta ule ni wa waliozama na nyambizi zao katika Vita Kuu vya Pili. Mzee wangu alikufa kitandani akiwa na mashuka safi. Nikahisi nimedhulumiwa nauli. Yule mzee akaona, akaniambia nikae, na tukakaa kwenye jiwe karibu saa nzima, jua likituchoma.

Nyambizi 52 za Marekani zilipotea katika vita vile, na watu zaidi ya 3,500. Wanamaji wa nyambizi hawakufika hata asilimia mbili ya jeshi lao la majini, lakini kati ya waliokwenda vitani, karibu mmoja katika kila watano hakurudi. Alizijua zote 52 kwa majina na kwa namna zilivyokufa. Ipo iliyozama mazoezini karibu na Florida, bila adui yeyote. Tang, mwezi wa Oktoba 1944, ilirusha kombora lake la mwisho, kombora likageuka, likazunguka, likairudia yenyewe. Wakafa 78, wakapona tisa. Kipande kile cha juu ya zege ni cha Flasher, iliyozamisha zaidi ya tani laki moja za meli za Japani, na bado ikaishia kukatwakatwa chuma chakavu.

Baadaye, akasema, waliobaki wakaanzisha chama chao, na kila mwaka wakawa wanasoma majina ya nyambizi moja moja, kengele inagongwa kila jina. Chama cha wale wa vita kilivunjwa mwaka 2012, kwa sababu waliobaki walikuwa wazee mno na wachache mno. Walio wadogo kwao, wa miaka ya Mzee wangu, wana chama kingine, nao ndio wanaogonga sasa. Wakimaliza zile 52 wanaongeza Thresher, kisha Scorpion iliyopotea Mei 1968 na watu 99. Na mmoja wao akifa nyumbani kwa uzee, kengele hiyohiyo inamfuata huko aliko. Kwa hiyo jina la Mzee limeshatajwa, akaniambia, na wewe ulikuwapo. Kifuani alikuwa na pini ya fedha ya pomboo wawili wakiielekea nyambizi katikati; ya maofisa huwa ya dhahabu. Akasema hupewi mpaka ujue kila valvu na kila bomba la chombo kizima, hata kama wewe ni mpishi, maana siku maji yakiingia hakuna wa kumwita. Mzee alizikwa na yake. Mimi ndiye niliyeifunga kwenye koti.

Ndipo akaja na tani tena. Karibu nusu, hapana, zaidi ya nusu ya meli za biashara za Japani zilizozamishwa, zilizamishwa na nyambizi. Alisema kwa fahari ya kweli na sikumlaumu. Lakini mimi natoka Kitui, na kwetu kuna mtu aliyeenda na meli.

Alikuwa kaka yake nyanya. Aliandikishwa jeshi la Mwingereza, askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Februari 1944 walipakiwa Mombasa katika meli iitwayo Khedive Ismail, waende Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na kutoka huko wakapigane Burma. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani, I-27, ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwasindikiza zikarusha mabomu ya majini palepale walipokuwa wakielea walionusurika, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Nyanya yangu aliishi miaka yake yote bila kukubali kupelekwa Mombasa kuona bahari. Harusi ya mwanawe mwenyewe ilifanyika kule, hakwenda.

Nilimweleza yule mzee yote. Hakuniomba radhi, na nilifurahi kwamba hakuomba, haikuwa nyambizi yake. Aliuliza jina la meli nilitamke polepole, akaandika katika daftari dogo la mfukoni. I-27 alikuwa anaijua. Akasema hata hiyo haikurudi kwao, iliuawa siku ileile. Akaandika tarehe. Halafu akashika kalamu, akauliza, "Na yeye? Jina lake?"

Kwetu tunamwita wa Meli. Ndivyo nilivyokua nikimsikia. Nyanya akimtaja alisema kaka yangu, na watoto tukasema babu wa Meli, ikatosha.

Nilipokuwa nafanya kazi Nairobi nilipita kila asubuhi pale Kenyatta Avenue, kwenye wale watu watatu wa shaba, askari na mpagazi, ukumbusho wa Vita Kuu vya Kwanza. Chini yao Waingereza waliandika, kwa Kiswahili pia, kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Hapo pote hakuna jina la mtu hata mmoja. Ule ni wa vita vingine, najua, na babu wa Meli hakuwa na wana. Lakini nilipokuwa nimekaa juu ya jiwe la Groton, mtu wa nchi ya mbali ananisubiri na kalamu mkononi, ndilo lililonijia, pamoja na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Kwetu tumefanya matanga makubwa, tumechinja ng'ombe, tumekodi mahema na vipaza sauti kwa ajili ya watu waliokufa wamelewa barabarani. Mtu aliyezama na mizinga ya Mfalme hatukumsomea hata mara moja, kwa kuwa hapakuwa na maiti.

Nikamwambia nitampelekea. Akanipa anwani yake, akarudi kwenye bendera.

Jioni treni ilichelewa. Nilinunua mkate wenye kipande cha kuku kwa dola kumi na nne, kuku mkavu, Mzee angeutupa. Nikamrekodia shangazi ujumbe kwenye simu, kwao usiku wa manane, nikamuuliza jina kamili la wa Meli, na la baba yake, na kijiji alikotoka kabla hawajahama.

Jibu lilikuja asubuhi, refu. Sehemu ya kwanza yote ilikuwa mvua, halafu karo ya mtoto wa dada, halafu mbuzi aliyeibwa. Karibu na mwisho akayasema: jina alilopewa na mama yake, jina la ubatizo alilopewa misheni, jina la baba. Aliyataja bila kusita. Kisha akauliza ni nani huyo anayeyataka, ni serikali ya Uingereza? Kuna fidia?

Majina nimeshayapeleka Groton, yote matatu, kwa barua, kwa sababu yule mzee hataki mambo ya simu. Shangazi bado anasubiri jibu la fidia.