Mshumaa wa Baba Askofu

31 Machi, usiku

Jioni hii shosho, nyanya yangu, amewasha mshumaa ndani ya kikopo cha Blue Band akauweka dirishani. Sikuuliza ni wa nani. Nakuru imepata maaskofu wengine tangu 1996, lakini kwake yeye jina la Baba Askofu lina mwenyewe, naye ni Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa askofu wetu wa Kikatoliki, aliyefariki tarehe kama ya leo mwaka 2020 akiwa na miaka 88.

Mazishi yake tuliyaona kwenye runinga. Ilikuwa Juma Kuu, korona ndiyo kwanza imeingia, kafyu ni saa moja jioni, na Nairobi imefungwa, huingii wala hutoki. Basilika ya Familia Takatifu, ambayo Jumapili ya kawaida ukichelewa unasimama, ilikuwa na watu wa kuhesabika. Shosho alivuta kiti hadi karibu na skrini. "Watu wako wapi?" Nikamweleza tena habari za korona. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Huyu hawajamzika. Wamemficha."

Mimi nilimjua kwanza kupitia hadithi za mlolongo. Waliozaliwa juzi huenda hawaamini, lakini ilikuwepo: mwaka 1986 KANU, chama tawala, iliamua kwamba kwenye mchujo wa chama mpiga kura apange foleni nyuma ya mtu wake, mchana kweupe, chifu akitazama na mwajiri akitazama. Mwaka 1988 ikatumika kikamilifu, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alipita moja kwa moja hadi bungeni. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo wa kupinga walibaki wenye mimbari: Okullu na Muge wa Anglikana, Njoya wa PCEA, kanisa la Presbiteri, na huku kwetu Wakatoliki Ndingi. Haikuwa kazi ya mchezo. Muge alifariki barabarani Agosti 1990 akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya asikanyage huko.

Hayo yote shosho huyasikiliza kwa adabu tu, kama mtu anayesimuliwa habari za ukoo mwingine. Hadithi yake inaanza 1992, upande wa Molo.

Vita vya kikabila vilianza Oktoba 1991 kwenye shamba la Meteitei, kule Nandi, vikaenea Burnt Forest, Olenguruone, Molo. Wanasiasa walikuwa wameshapita kwenye mikutano wakihubiri majimbo, kila kabila na eneo lake, na sisi tulioonekana wageni tukapewa jina: madoadoa. Shosho alitoka nyumbani usiku na watoto watatu na kichwa cha cherehani amekifunga mgongoni kwa leso. Meza ya cherehani iliungua pamoja na nyumba. Walilala kwenye uwanja wa parokia, chini ya veranda ya darasa la katekisimu, wiki kadhaa. Masista walipika uji kwenye pipa. Ukimwuliza anakumbuka nini zaidi, hataji uji wala mishale. Anasema: "Lango halikufungwa. Hata saa nane ya usiku mtu alikuja akaingia."

Nimekuwa nikilifikiria lango hilo. Ndingi alikuwa Mkamba wa Mwala. Papa Paulo VI ndiye aliyempa uaskofu kwa mikono yake, Kampala, tarehe 1 Agosti 1969, akaanzia Machakos, kwa watu wake. Miaka miwili baadaye akaletwa Nakuru, mahali ambapo kila kabila lina shamba na kila shamba lina kesi. Akakaa robo karne. Kwa hiyo vita vilipolipuka, waliokimbia mishale walikuwa kondoo wake, na kati ya walioirusha wapo pia waliokuwa na kadi ya ubatizo ya jimbo lake. Sijui mchungaji analalaje usiku na hesabu ya namna hiyo. Rahisi ingekuwa kuomba amani kwa ujumla na kurudi kwenye chai. Badala yake yeye na maaskofu wenzake waliandika barua za kichungaji mwaka 1992 wakisema wazi kwamba mashambulizi yalipangwa na kwamba vyombo vya usalama havikuwa vinawalinda watu wote sawasawa. Barua hizo zilisomwa makanisani, mbele ya machifu waliokuja Misa kama kawaida.

Haikuzuia Maela, ni kweli. Desemba 1994 kambi ile ya wakimbizi ilivunjwa, watu wakapakiwa kwenye malori usiku. Shosho alikuwa na binamu pale. Hapo huwa anabadilisha mazungumzo.

Simfanyi mtakatifu. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Nairobi, 1997 hadi 2007, ukimwi ukitumaliza, alipinga kondomu bila kulegeza neno. Shangazi yangu ni muuguzi. Alimheshimu Jumapili na kumkasirikia Jumatatu akifika wodini. Mimi niko na shangazi kwenye hilo, na shosho anajua, ndiyo maana hatuliongei mezani.

Ndingi ndiye aliyenipa kipaimara, 1995. Wakubwa walitutisha kwamba askofu huzaba kofi, tukasimama kwenye mstari tumekaza mashavu. Kofi halikuja. Nilipakwa krisma kwenye paji la uso, na kinachonijia mpaka leo ni ile harufu na jinsi kofia yake ilivyoonekana ndefu kutoka chini. Shosho alinikataza kunawa uso siku mbili. Shuleni walinicheka vya kutosha.

Kile kichwa cha cherehani bado kipo, kimepata meza mpya. Kinashona hadi leo ila kinaruka mishono.

Saa tatu nimetoka na kufuli kufunga geti kama kawaida. Sauti ikatoka ndani gizani, nami nilidhani ameshalala: "Liache kwanza. Mshumaa haujaisha." Basi nimekaa hapa kibarazani na tochi na simu, naandika huku nikilinda kuku.