Shija wetu amefika

Jana alfajiri mke wangu alijifungua mtoto wetu wa tatu, msichana, hapa Tabora mjini. Wote wazima, alhamdulillahi.

Simu ya kwanza niliyopokea ilianza na "pole." Pole ya nini? Eti wa kike tena. Mwingine akaniambia nisikate tamaa, niendelee kutafuta dume. Iliniuma, maana mama mtoto alikuwa pembeni anasikia. Na lawama humwangukia yeye, wakati mbegu ya baba ndiyo inayoamua: ikibeba X ni binti, ikibeba Y ni mvulana.

Jina halikutusumbua. Dada zake ni mapacha, Kulwa na Doto, na kwetu Wanyamwezi anayefuata mapacha huitwa Shija, awe wa kiume au wa kike. Jina lilikuwa linamsubiri miaka minne yote hii.

Baba yangu alipanda basi kutoka Sikonge, akampakata, akamwita sikioni taratibu: Shija, Shija, Shija. Doto akauliza kama mtoto amesikia.

"Amesikia, mama," babu akamjibu. "Ona anavyokunja ngumi."