Kabla ya kununua kamera, tazama juu ya dari

Mwenye ofisi hapa Kigoma akiamua kulinda kompyuta za biashara yake, fedha ya kwanza huenda kwenye kamera. Ningemwomba kwanza achukue ngazi na tochi, afungue kipande kimoja cha silingibodi juu ya chumba cha seva, yaani kompyuta kuu inayotunza taarifa za ofisi, achungulie. Kwenye majengo mengi ya biashara, kuta za vyumba vya ndani zinaishia usawa wa dari. Juu yake ni uwazi mmoja tu, kenchi hadi kenchi, kutoka stoo ya jirani mpaka kwako. Mwizi hana haja ya kuhangaika na kitasa. Anang'oa misumari ya bati, anatembea juu ya kenchi, anashukia pale seva ilipo. Mlango wa chuma haumzuii kwa sababu haupiti.

Dawa yake ni wavu wa nondo. Chumba cha mita 2 kwa 2.5 kinamalizwa na nondo 6 za milimita 12, zile ndefu za mita 12. Tatu zikatwe vipande 15 vya mita 2.2, tatu nyingine vipande 12 vya mita 2.7. Vipishane kwa nafasi ya sentimita 15 hivi, vichomelewe kila vinapokutana, na kila ncha izame ukutani sentimita 10 kisha izibwe kwa saruji. Usikubali fundi achomelee wavu kwenye fremu nyembamba na kuifunga ukutani kwa skrubu nne. Mtaimbo unaing'oa mara moja. Kama jengo bado linajengwa, mwaga zege juu ya chumba hicho kimoja na usahau habari ya wavu.

Sasa mlango. Ukifungukia nje, bawaba nazo ziko nje: pini inagongwa, mlango unatoka pamoja na kufuli lake. Chomelea vichwa vya pini, kisha weka vipande viwili vya nondo upande wa bawaba, vinavyoingia kwenye matundu ya fremu mlango unapofungwa. Bolti za komeo zipenye mlango, nati zikae ndani. Hata hivyo aliye ndani aweze kutoka bila ufunguo. Moto ukiwaka hana muda wa kuutafuta. Mfanyakazi mwenye ufunguo akiacha kazi, badilisha silinda ya kitasa hata kama ameurudisha, maana kuchongesha ufunguo wa pili ni rahisi mno.

Hapo ndipo kamera zinapoingia. Mashine ya kurekodia isikae mapokezi chini ya runinga, kwani mwizi ataondoka nayo pamoja na ushahidi wote. Ifungiwe ndani ya chumba cha nondo. Na piga hesabu ya diski. Kamera 4 zinazotumia megabiti 2 kwa sekunde kila moja zinaandika megabaiti 1 kila sekunde, sawa na gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inajaa siku ya 11 au 12 na kuanza kufuta za mwanzo. Kompyuta ikiibwa utajua asubuhi, lakini aliyenakili orodha ya wateja kwenye flashi huenda ukamgundua baada ya wiki tatu. Terabaiti 4 zinakupa siku 46.

Mvua za huku huja na radi. Kama una majengo mawili, usiyaunganishe kwa waya wa shaba wa mtandao. Huo unabeba msukumo wa radi hadi kwenye swichi ya mtandao na seva. Tumia faiba, waya wa kioo usiopitisha umeme. Fimbo ya athi, ile inayopeleka umeme wa ziada ardhini, ipimwe kwa mita ya athi, na lengo liwe chini ya ohm 5. Pima Agosti, udongo ukiwa umekauka. Kipimo cha Machi, ardhi ikiwa imelowa, kitakupa matumaini yasiyo ya kweli.

Kuhusu maji, ziwa limepanda sana miaka hii, na waliopo karibu na ufuo kama Kibirizi wanalijua hilo vizuri. Ila hata ukiwa mlimani, usiweke seva chini ya tangi wala choo, na iinue angalau sentimita 30 kutoka sakafuni. Moto: mtungi wa kaboni dioksidi, siyo wa unga, kwa sababu unga unaingia ndani ya mashine na kula saketi hata baada ya moto kuzimwa. Chumba ni kidogo, kwa hiyo aliyepuliza gesi hiyo atoke haraka.

Betri za UPS, kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika, nazo zinateswa na joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata umri wake karibu nusu. Na usitegemee UPS ndogo ikufanyishe kazi. Yenye betri 2 za volti 12 na saa-ampea 7, ikibeba wati 340, inakupa takriban dakika 10. Unganisha waya wake wa USB na seva ili ijizime yenyewe baada ya dakika 5.

Yote haya yanaweza kushindwa, ndiyo maana nasisitiza bakapu, yaani nakala ya akiba ya taarifa zako, kuliko kitu kingine chochote. Diski mbili za nje, zibadilishane kila Ijumaa. Ofisi ikiwa Mwanga, moja ilale Ujiji, kamwe isikae kwenye droo pembeni ya seva. Zote, pamoja na diski ya seva yenyewe, zisimbwe kwa nywila, ili asiye nayo asiweze kuzisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakudai ulinde taarifa za wateja, na diski isiyosimbwa ikiibwa, namba zao za NIDA na simu zimeibwa nayo. Nywila iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha yenye lakiri, ikae mbali na diski. Kila mwezi chukua diski iliyolala Ujiji, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, urejeshe faili moja la hesabu za wiki iliyopita na ulifungue mpaka uone tarakimu.