Kifua, si kichwa

Jumapili mchana nililala kama gogo, na mpaka leo macho yananiuma. Watu hudhani mwamuzi wa mstari wa kumalizia anasimama tu kivulini na karatasi yake. Kivuli chenyewe hakikuwapo. Saa 10 na nusu alfajiri nilikuwa nje ya Uwanja wa Jamhuri, upepo wa Dodoma unanipiga masikioni, kizibao cha njano mwilini, napanga koni.

Zilikuwa mbio za hisani. Viingilio vinakwenda kwa watoto waliozaliwa na mguu kifundo, wale wanaofungwa hogo, yaani plasta ngumu, na kubadilishiwa kila wiki mpaka unyayo unyooke, kisha wanalala na viatu maalumu kwa miaka kadhaa ili usirudi kupinda. Kilomita 5 walijaa watumishi wa wizara na vikundi vya jogingi. Kilomita 21 ilikuwa ya yeyote, na humo walikuwamo vijana kama kumi hivi ambao kukimbia ndiyo kazi yao, wametoka Singida, Manyara na Arusha. Unawajua kabla hawajavua koti. Hawapigi picha.

Kwenye kikao cha Ijumaa mratibu alitwambia, "Waamuzi, hii ni hisani, msibane sana." Tukacheka wote, na mimi nikiwamo.

Kilomita 5 ilikwenda kama harusi. Mheshimiwa mmoja aligeuzia kwenye meza ya maji badala ya kwenye koni, akaingia mbele ya wasaidizi wake. Emsii akapaza salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi Dodomaaa!" Nikaangalia pembeni. Hapakuwa na aliyedhulumiwa, labda koni.

Tatizo lilikuwa kwamba watembeaji wa kilomita 5 bado walikuwa wametanda mstarini wakati wa kilomita 21 wanakaribia. "Shangazi, sogea kidogo." "Subiri mwanangu, picha moja tu." Nageuka, namba 14 na namba 27 hao, bega kwa bega, wamebakiza kama mita hamsini, nyuma yao barabara tupu.

Pale hutazami sura wala miguu. Kanuni ya riadha inahesabu kiwiliwili. Kichwa, shingo, mikono na miguu havimo. 27 alirusha kichwa na mguu wa kulia. 14 alitoa kifua. Niliandika 14 kabla hata hawajasimama, na mwenzangu wa upande wa pili, namshukuru Mungu, aliandika hivyohivyo.

Kijana wa kompyuta akaja mbio. "Mwalimu, mfumo unatoa 27."

Bila shaka ungetoa 27. Chipu za kupimia muda zilifungwa kwenye kamba za viatu. Mkeka wa mstarini unaozisoma unasikia kiatu, kifua hauna habari nacho.

Mratibu naye akafika, anatabasamu. Mshindi wa kwanza milioni moja, wa pili laki tano. "Wagawane basi, laki saba na nusu kila mmoja. Si hisani hii?"

Hapo ndipo kile kicheko cha Ijumaa kilinirudi kooni. Hisani ya nani? Mimi nilijitolea Jumapili yangu, wafadhili walijitolea fedha, mheshimiwa alijitolea jasho la kilomita tatu. Yule 14 hakujitolea kitu, alikuja kazini. Zile hatua za mwisho kwake ni kodi ya nyumba. Tukimkata laki mbili na nusu ili sisi tuonekane wema, tumemtoza mchango ambao hakuuahidi.

Nikamkumbusha mratibu Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, na Amanal Petros wa Ujerumani, baada ya kilomita 42 na ushei wote wakaandikiwa 2:09:48, na Simbu akawa bingwa wa dunia kwa sekunde 0.03. Hakuna aliyesema wagawane. Kweli, wao walikuwa na kamera ya kazi hiyo. Sisi tulikuwa na simu ya mwenzangu juu ya kigoda, na zaidi ya yote ilirekodi mgongo wa shangazi. Lakini waamuzi wawili tuliona kitu kimoja, tukasaini. 14.

Baadaye 27 alinifuata nikikusanya koni. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Ulitazama nini?"

"Kifua."

Akatazama chini. "Mimi nilitoa kichwa."

"Ulitoa kichwa."

"Kocha ananiambia kila siku." Akacheka kidogo, akanisaidia kubeba koni.

Mgeni rasmi alimaliza kuhutubia karibu na saa 6. Mtoto mmoja mwenye hogo miguu yote miwili alilala mgongoni kwa mama yake hotuba nzima; nilimwonea wivu. Washindi wakakabidhiwa hundi za karatasi ngumu, kubwa kama mlango, wakapigwa picha, wakaambiwa fedha zitaingia kwenye simu ndani ya wiki. 27 akauliza kama hundi yake itaruhusiwa kwenye basi la Singida. Nikamwambia aiache, akanipa namba yake ya simu.

Leo ni Ijumaa tena. 14 ameandika kuuliza, 27 ameandika kuuliza. Jioni hii nimempigia mratibu, mara ya tatu.

"Mwalimu," akasema, "mbona unabana hivyo?"